Simu ya Bi Mwanamkisi Haizimwi

Saa mbili asubuhi, mtaani Mkomani, Lamu. Bi Mwanamkisi ameketi mkekani akitwanga majani makavu ya mkunazi, yale ya kuoshea maiti, simu inapolia. Mchi unasimama hewani. "Inna lillahi," anasema kwanza, ndipo anapokea.

Si msiba. Ni msichana mchangamfu kama aliyetoka harusini, anamwarifu "mwanachama wetu mpendwa" kwamba nafasi za safari ya Mombasa zimebaki chache. Bi Mwanamkisi anamshukuru na kukata. Anarudia kutwanga.

Kwa miaka ishirini na sita mama huyu ameosha maiti za wanawake wa Amu na Shela. Kwake yeye, anayepiga simu ana mtu aliyefunikwa shuka nyumbani. Siku hizi hupokea simu kama kumi na tano kwa wiki, na kumi na mbili ni za Umoja wa Tujikwamue, chama cha kusaidiana: mara safari, mara majiko, mara bima.

Aliingia Umoja huo mwaka juzi ili wamsaidie kupata kitanda kipya cha kuoshea. Haki yao wapewe, kitanda walikileta. Ila na namba yake waliichukua. Aliambiwa abonyeze tisa wamwache, akabonyeza, simu zikazidi. Mkwewe Nusra anamshauri abadilishe namba. Abadilishe vipi, nayo imeandikwa nyuma ya milango ya nusu ya mji?

Mwezi uliopita, baada ya tangazo la nne kwa siku moja, aliizima sauti ili aswali adhuhuri kwa utulivu. Akasahau kuirudisha. Alipoishika alasiri alikuta simu sita kutoka Shela, zote za Huwaida, binti wa shoga yake tangu chuo cha Kurani, Rawiya. Mashoga hao wawili waliahidiana kwamba atakayetangulia aoshwe na mwenziwe. Watu walimngoja, lakini maiti haicheleweshwi. Rawiya alioshwa na wengine, akazikwa.

"Huwaida hakunilaumu," anasema, macho yakiwa kwenye kinu. "Lau angenilaumu, ningepata usingizi."

Tangu siku hiyo simu haimtoki mkononi. Akienda msalani humwachia Nusra, na kumwuliza kupitia mlangoni kama imelia.

Jumatatu anakwenda kwenye ofisi ya Umoja, maana wamemwambia huko ndiko namba zinakofutwa. Haendi kugombana.

"Taiweka simu mezani pao, niketi nao mpaka ilie," anasema. "Nao waitizame ikilia, wasiyue ni nani aliyekufa."