Leo Nimemfokea Mama Mkwe kwa Sababu ya Springi

Leo nimemfokea mama mkwe.

Nilikuwa uani kwangu hapa Busia nikibadilisha springi za gari, niweke zile fupi likae chini kama la rali. Springi ya zamani nilikuwa nimeibana kwa klampu mbili, vile vibanio vya chuma, isije ikafyatuka.

Mama mkwe, aliyefika jana kutoka Mulanda, akaleta kiti akaketi mbele ya hiyo springi kabisa, anachambua mboga.

Kwa kawaida hatuongei sana. Heshima, mnajua.

Mara nikasikia klampu moja ikilia. Inateleza!

"Mama, tafadhali sogea kidogo."

"Hapa iko sawa, mkwe."

Ikateleza tena. Nikapiga kelele: "Toka hapo!"

Akaruka. Springi ikafyatuka, ikakivunja kile kiti vipande vipande. Mboga zikatapakaa ua mzima.



Akaingia ndani. Nikajua nimekwisha.

Baadaye akatoka na mkoba wake begani.

"Mama, unarudi nyumbani?"

"Hapana. Ukifungua hiyo ingine, mimi nakwenda kukaa kwa jirani."

Zimebaki tatu, na naogopa hata kuzigusa. Jamani, nyinyi mngemwambiaje kwa heshima?