Nilivyoogelea Kwenye Zamu ya Maji ya Baba Mkwe

Jamani, hili nilikuwa nimeapa kutolisimulia, lakini kwa kuwa nusu ya Kibosho wanalijua na wananiita "Samaki", bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandikisha kwenye yale mashindano marefu ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, yote siku moja (msiniulize nani alinituma). Baiskeli niliiweza, kukimbia nilijikongoja, ila kuogelea nilikuwa jiwe. Bwawa la mjini nilishalikimbia kwa aibu, watu walikuwa wananitazama nikipiga maji bila kusogea, basi Jumamosi moja asubuhi nikapanda na baiskeli hadi Kibosho, maana kule juu kuna nduwa, lile bwawa la udongo ambalo wazee hukusanyia maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka mlimani, usiku ili asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani. Mimi nimekulia mjini, maji ninayoyajua ni ya bomba. Nikakuta yameshafunguliwa, yananifika magotini tu, nikaona huu ni utani, nikaburuta kipande cha mgomba nikaziba tundu la kutolea maji, nikavaa nguo yangu ya kubana (ile inayoonyesha hadi ulichokula jana), kofia ya mpira na miwani, nikaingia.

Kumbe zamu ya maji asubuhi ile ilikuwa ya Mzee Kessy, na Mzee Kessy ndiye baba yake Manka, na kwa akina Manka tulikuwa tunapeleka posa kesho yake, Jumapili, baada ya misa! Mimi na mzee hatukuwahi kuonana. Nilipoibuka kuvuta pumzi nikamwona kasimama ukingoni na jembe, nikamtambua kwa zile picha za kwenye simu ya Manka.

"Yesu na Maria! Nani wewe umeziba maji yangu?"

"Shikamoo baba."

"Toka humo kwanza, ndipo nitaitikia!"

Nikatoka, ila miwani na kofia sikuvua, nilijiambia asiponiona uso kesho nitakuwa mtu mpya. Hapo nikamkumbuka bibi yangu, alikuwa akisema mtu akikuletea isale, ule mmea wa majani marefu, kukuomba radhi huwezi kumkatalia. Na isale lilikuwepo palepale, limepandwa mstari mzuri pembeni ya migomba, nikalivuta kwa haraka likatoka na mizizi yake, nikapiga magoti, nikamkabidhi mzee kwa mikono miwili huku udongo ukidondoka.

Sasa, isale ni la kuomba radhi, sawa, lakini ndilo hilohilo linalopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Mama Tarimo, jirani yake, akatokea mbio.

"Kessy! Umeleta mtu kung'oa mpaka wangu?"

"Mimi? Huyu simjui!"

"Humjui, na isale umelishika wewe!"

Watu wakajaa, wengine na ndoo zao kichwani, mimi katikati nachuruzika tope, natamani ardhi ipasuke niingie.

"Hebu vua hayo mamiwani tukuone," mzee akasema.

Kabla sijavua, nikasikia sauti ya Manka nyuma ya watu, ndogo kabisa. "Baba… huyo ndiye anayekuja kesho."

Nikavua miwani, na kofia nikaivua pia.

Jumapili tulikwenda, njia nzima nikijua nimemkosa Manka. Mjomba wangu akaanza kunisifu kama ilivyo desturi, mzee akamkatiza: "Usijichoshe, huyu nimeshamwona mwili wote, hakuna kilichobaki." Kisha akasema isale alishalipokea, kwa hiyo radhi ametoa na binti atatoa, ila nipande upya mpaka wa Mama Tarimo, na nije na jembe siku ya kusafisha mfongo. Akataja siku. Ilikuwa siku ya mashindano.

Nilizoa tope kutwa nzima, viganja vikatoka malengelenge, wenzangu wanavalishwa medali. Medali sina, Manka ninaye, na naapa mbele yenu sitagusa tena maji ya mtu kabla sijauliza zamu ni ya nani. Kuogelea? Bado sijui.