Nilisema Mama Amekataa

Kosa ni langu. Msinitafutie sababu ya vita, maana vita tulikuwa navyo wote. Uongo ule niliusema peke yangu, kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe.

Jina langu sitalitaja. Naogopa! Mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu wawili, na bado naogopa. Mkifika mwisho mtajua namwogopa nani.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Baba alikuwa fundi cherehani, mama alipika vitumbua vya kuuza. Miaka ile ya vita nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja kule Rohero, kibarua tu. Nikajiwekea lengo: kabla ya Ramadhani niwe na mkataba wa kudumu. Nililiandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Kila asubuhi nalisoma kama dua, astaghfirullah!

Lengo lenyewe si baya. Nani hataki kula kwa jasho lake? Ila sikujiuliza lilikuwa linanitaka nitoe nini. Shefu wetu, mkubwa wa ofisi, alisema anayetaka mkataba asikose kazi hata siku moja, hata zile siku za "ville morte", ambapo vijana waliufunga mji kwa mawe na matairi ya moto na kumpiga yeyote aliyethubutu kutoka. Alisema pia kwamba mtandio haupendezi mbele ya wageni wa ofisi. Basi nikawa nikifika nauvua, naukunja, nautia kwenye droo. Tumbo likiniuma njiani, nalitukana. Moyo ukikataa, nauita mwoga. Nilijiona mwanamke wa maana kweli!

Nyumbani mambo yalikuwa mengine kabisa. Watu walikuwa wakiuana kwa ukabila, lakini sisi Waislamu wa Buyenzi, wanaotuita Waswahili, mara nyingi walituacha tupite. Mama aliitumia nafasi hiyo. Wanawake waliokimbia mitaa yao aliwafunga mitandio, akawafundisha kuitikia salamu, akawavusha barabarani kama wadogo zake. Kila wiki kulikuwa na mgeni mpya nyuma ya pazia letu. Na mimi nilikuwa naona aibu ya ile nyumba iliyojaa watu.

Siku yenyewe ilikuwa ya ville morte. Mama alinizuia mlangoni.

"Leo usiende, mwanangu. Hii kimya mi siipendi."

"Mama, nikikosa leo, mkataba umekwenda."

"Basi ule mwenzako wa Musaga umulete hapa. Umwambie mama anamungoja. Tutafinyana tu."

Mwenzangu huyo nitamwita Godelieve. Meza zetu zilikuwa zimegusana, na habari za wageni wa mama nilikuwa nimemsimulia. Mpole, Mkristo wa kanisani kila asubuhi, akicheka anaziba mdomo. Alikuwa amepanga chumba Musaga, na mtaa ule ulikuwa umeanza kuwafukuza watu wa kabila lake.

Nilimkuta ofisini amefika kabla yangu. Alikuwa akishindwa hata kuingiza karatasi kwenye mashine. Kwenye saa nne tukasikia bunduki upande wa kusini. Akaja akachuchumaa kando ya kiti changu.

"Dada, mi siwezi kurudi kule. Jana walivunja mulango ya jirani. Nipatiye mutandio, twende kwenu. Nitasema mi ni mudogo yako."

"Sasa hivi? Shefu anapita saa nane kuandika majina."

"Saa nane? Apana, dada! Saa nane barabara itakuwa imefungwa. Twende sasa, nakuomba."

Niliogopa. Wallahi niliogopa! Niliogopa barabara, niliogopa kukamatwa naye, niliogopa jina langu likosekane kwenye karatasi ya shefu. Mkono wangu ulikuwa juu ya droo yenye mtandio. Ningesema tu "naogopa", tungelia wote wawili, na labda tungeondoka. Lakini nilikuwa nimejizoeza miezi mingi kuificha hofu hata kwangu mwenyewe.

Nikasema, "Nyumbani kumejaa. Mama amekataa."

Alinitazama. "Mama yako? Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Yarabi! Hata hakubishana. Alisema, "Sawa, dada," akachukua mkoba wake akashuka ngazi. Nilivisikia viatu vyake mpaka chini.

Shefu alichelewa, akaja saa tisa, akaandika majina, akanipongeza.

Nikarudi kwetu nikiwa nimejifunga mtandio. Karibu na kuingia Buyenzi vijana wanne wenye marungu na panga wakanisimamisha. Mkojo ulinitoka, sitawaficha. Mmoja akanishika bega akauliza natoka wapi. Nikajibu, sauti sijui ya nani. Mwenzake akanitazama kichwani akasema, "Muache huyo, ni muswahili. Apite."

Basi! Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Godelieve angepita nami pale pale. Nililijua hilo nikiwa bado nimesimama mbele yao, nikaendelea kutembea.

Mama alikuwa ameshatandika mkeka wa mgeni.

"Mwenzako iko wapi?"

"Hakuja kazini, mama."

Uongo wa pili ule, wala haukunisumbua kuutoa.

Mkataba niliupata. Haikupita miezi minane, ofisi ikafungwa kwa ajili ya vita, na ile karatasi haikunilisha hata siku moja. Godelieve sikumwona tena kwa miaka. Nikisikia kuna maiti ya mwanamke imeokotwa mahali, nazunguka njia nyingine nisije nikamtambua. Mama alimwombea kila Ijumaa, anamtaja kwa jina, nami nimekaa pembeni naitikia amina!

Vita vilipopoa, mchana mmoja tukasikia hodi. Alikuwa yeye. Amezeeka kabla ya umri wake, mguu mmoja anauburuta, ametoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Natamani ardhi ipasuke inimeze! Lakini hakunijia mimi. Alimwendea mama pale mkekani, akapiga magoti, akamshika mikono.

"Mama, siku ile ulikataa nisikuje, mi nilikuchukia sana. Huko kambini nikaelewa. Nyumba ilijaa, ungefanya nini? Nimekuja kukuambia nimekusamehe."

Mama akageuza uso wake polepole, akanitazama mimi. Angeweza kunimaliza kwa neno moja. Na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema, mdomo ninao, ulimi ninao! Nikashikilia kizingiti, nikanyamaza.

"Asante, mwanangu," mama akamwambia. "Nilikosa. Kaa, ule."

Hakuniuliza kitu siku ile, wala baadaye. Baada ya hapo aliishi miezi mitano tu. Siku ya msiba Godelieve alikaa na wanawake uani, nikamsikia akiwaambia kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, alikosea mara moja tu.

Mara moja! Na hiyo moja ilikuwa yangu.

Wewe unayepanga malengo yako, nakuomba, usianze na unachotaka kukipata. Anza na jambo usilokubali kumtendea mtu hata ukitishwa, uliandike hilo juu kabisa. Lengo lisilokubaliana nalo, lichane ungali na nafasi. Na tumbo likikuuma kila unapolifuata lengo lako, usilitukane, kaa chini uliulize. Langu liliniambia ukweli kila asubuhi, mimi nikalinyamazisha.

Godelieve sasa anakaa karibu nami, bado ananiita dada. Kila Idi ananiomba nimsindikize makaburini. Tunasimama pale, anamwambia mama tena kwamba amemsamehe, nami nainamisha kichwa kama mtu anayeomba dua.