Baiskeli ya Supamaketi na Kuku wa Litapunga

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwa Afisa Mifugo wa Wilaya nikiwa na vitu viwili vya kujivunia: shahada ya chuo kikuu na baiskeli ya supamaketi. Shahada ilikuwa ndani ya bahasha. Baiskeli niliiegesha mbele ya dirisha lake makusudi: nyekundu, gia kumi na nane, springi mbele na nyuma. Niliinunua Dar es Salaam kwa bei ya chini kuliko zile nyeusi za chuma wanazopanda wakulima, nikaja nayo Mpanda kwa treni, nikiilinda kama mgonjwa.

Bosi aliitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama shahada.

"Umeshaipeleka kwa fundi?"

"Ni mpya, mkuu. Haijaharibika."

"Sijauliza kama imeharibika."

Nikamwona mzee wa watu amechoka. Huku kwetu mtu akinunua baiskeli mpya haipandi. Anaisukuma hadi kwa fundi, inafunguliwa mpaka vipande vyote vinalala juu ya gunia, inatiwa grisi, inakazwa, inafungwa keria ya nondo, ndipo inaanza maisha. Mimi msomi niliichukulia hiyo kuwa desturi ya watu wasioamini viwanda.

Kazi yangu ilikuwa kuchanja kuku dhidi ya kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo yenyewe ni tone moja jichoni. Ugumu ni kuifikisha ikiwa bado ya baridi, tena asubuhi kabla mabanda hayajafunguliwa, maana kuku akishatoka, hata uwe na shahada mbili humshiki.

Watu wa kijiji cha Litapunga walikuwa na kinyongo. Msimu uliotangulia mchanjaji alichelewa, kuku wakatawanyika, kisha kideri kikapita. Mama Kulwa, mama wa Kisukuma aliyekuwa na kuku wengi kuliko wote, alibaki na jogoo mmoja. Hata hivyo ndiye aliyewashawishi majirani wajaribu tena. Alinipigia simu: "Daktari, nimewaambia wafungie kuku mpaka ufike. Ukiniangusha, hapa kijijini sitasema neno tena nikasikilizwa."

Nikamhakikishia. Asubuhi yake nilijifunga kisanduku cha chanjo na barafu mgongoni kwa kamba, kwa sababu baiskeli yangu ya kisasa haikuwa na keria. Mtaa wa Ilembo niliupita nikipiga kengele bila sababu. Mbele kidogo mguu wa kushoto ukakanyaga hewa. Mkono wa pedali ulikuwa umechomoka wote, pamoja na pedali yake, na mimi nikawa kwenye mchanga.

Niliurudisha, nikaugonga kwa jiwe. Ukakaa hatua mia, ukachomoka tena. Mchuuzi wa maziwa aliyekuwa akielekea mjini na madumu yake kwenye baiskeli nyeusi alipunguza mwendo.

"Daktari, leo unachanja baiskeli?"

"Una spana?"

"Ya nini? Yangu ilishakazwa."

Basi nikaendelea kwa mguu mmoja, pedali mkononi, nikichechemea juu ya gia kumi na nane.

Nilisikia kuku kabla sijaiona Litapunga. Jua lilishapanda. Mama Kulwa alikuwa amesimama mbele ya banda la jirani, mikono kiunoni, wanaume watatu wakimfokea.

"Nyie, hakuna kufungua! Kasema anakuja, anakuja."

"Kuku wanakufa kiu, mama!"

"Wapeni maji humo humo."

Aliponiona alinikagua toka kichwani, mchanga wote, mpaka mkononi. "Hicho nini, Daktari?"

"Pedali."

"Haya. Iweke chini, ushike kuku."

Kisandukuni barafu ilibaki kipande cha kujaza kiganja, ila chanjo ilikuwa ya baridi. Tulichanja mpaka mchana. Kideri kilikuja tena msimu ule, na kuku wa Litapunga wakabaki wamesimama. Mama Kulwa hakusema "niliwaambia". Aliongeza banda.

Kesho yake niliisukuma baiskeli hadi mtaa wa Kawajense kwa Fundi Yeremia, mtu wa maneno machache ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Aliifungua yote bila kunisalimia mara ya pili.

"Gololi kavu. Hii nati kafunga nani?"

"Kiwanda."

"Kiwanda kimefunga ili ifike dukani. Mimi nafunga ili ifike Litapunga."

Akatia grisi, akanyoosha spoki, akaweka pedali za chuma na keria. Springi ya nyuma aliizuia kwa kipande cha bomba, akisema inakula nguvu zangu bure.

Vijana huniuliza kama baiskeli hizi za bei nafuu zinafaa kwa safari za kila siku. Zinafaa, ikiwa umeshazifungua. Yangu ilinivusha mabosi watatu: huyo wa kwanza, wa pili aliyependa ripoti kuliko kuku, na wa tatu aliyeniahidi pikipiki kila mwaka kwa moyo mweupe. Nilibadilisha rimu mara mbili, fremu ikachomelewa mara moja. Breki hazikuwahi kuwa breki. Mteremkoni nilitumia soli za viatu.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, magoti yakiwa bado yananitii. Kwenye hafla ya kuniaga, ofisi ilinizawadia baiskeli ya supamaketi, ya bluu, imefungwa utepe. Mama Kulwa alikuja na jogoo.

"Panda basi, tupige picha!" akasema bosi.

Nikamtazama Mama Kulwa. Akatikisa kichwa taratibu.

Nikamfunga jogoo kwenye usukani, nikaisukuma baiskeli kwa miguu hadi Kawajense kwa fundi, nikiwa na suti yangu na utepe wake.