Umeme wa Jumapili

Siku ya kwanza kazini nilipewa balbu. Fundi Mkuu wa karakana ile ya Ujiji, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinitazama nilipomwamkia.

"Marahaba. Nani amekufundisha ufundi?"

"Nimejifunza mwenyewe, Mzee. Kwenye simu."

"Simu imewahi kukupiga shoti?"

"Bado."

"Basi tuanzie hapo."

Balbu ile tuliiunga kati ya soketi na amplifaya ya gita. Ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti. Ikififia, unaweza kuendelea. Ninyi mnaotengeneza spika za bluetooth huenda hamjawahi kufungua amplifaya za valvu. Valvu ni chupa ya kioo yenye waya unaowaka moto ndani, na nyingi za Kigoma zilivuka ziwa pamoja na wanamuziki kutoka Kongo. Joto ndiyo tabia yake. Kazi ya fundi ni kutofautisha joto la kazi na joto la ugonjwa. Bati lililo ndani ya kioo likiwa jekundu kama mkaa, Fundi Mkuu alisema, zima kwanza, uliza baadaye.

Alinifundisha pia bayasi, yaani volti ndogo inayoibana valvu isile umeme kupita kiasi. Ikilegea, valvu inakula mpaka inajiunguza, na mara nyingi inaondoka na transfoma. Valvu utaagiza. Transfoma ya zamani huipati.

Karakana ilikuwa na sheria moja ambayo sikuielewa: kazi haitoki kabla haijapita Jumapili mezani. Fundi Mkuu alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja na suti yake, akawasha kila chombo kilichopona, akakaa navyo saa nzima, kisha akasema, "Imepita." Mimi, mtoto wa Kiislamu wa Ujiji, niliichukua kama sehemu ya ibada yake. Niliiheshimu kama unavyoheshimu sala ya mwenzako: bila kuuliza.

Baada ya miaka miwili nilihamia ukumbi mmoja wa muziki mjini, chini ya Msimamizi wa Vyombo. Huyo hakujua bayasi wala kapasita, lakini alinifunza kitu kimoja cha maana. "Amplifaya inapumua kwa mgongo," alikuwa akifoka, akizivuta zote mbali na ukuta. "Ninyi mnaibana ukutani kama mdaiwa!"

Halafu nikafungua kibanda changu Katubuka, ubavuni mwa wachomeleaji wa mageti. Hapa lazima niseme ukweli. Sikuwa fundi mtulivu. Niliweza kufumua lehemu nzuri kabisa kwa sababu haikung'aa. Kila kipimo nilikirudia kwa mita mara tatu, na bado nilipofika nyumbani nilikihesabu tena kichwani. Wachomeleaji waliniita Fundi Mita. "Fundi Mita, pima na ugali wetu kama umeiva!" Nilicheka nao, ila mita ndiyo iliyonipa usingizi. Nilidhani nikiiamini hiyo tu, sitakosea.

Ndipo akaja Shefu. Hilo ndilo jina la kiongozi wa bendi kwa watu wa ng'ambo ya ziwa, na hata baada ya bendi yake kusambaratika, Kibirizi nzima ilimwita hivyo. Alishuka kwenye bajaji amepakata amplifaya iliyovikwa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano, kilichoshonwa kwa kipimo chake na kufungwa kwa vifungo vinne. Mkewe, aliyekuwa mwimbaji wake, ndiye aliyekishona. Alikuwa amefariki mwezi uliopita.

"Iko na homa, fundi," alisema. "Inanuka. Na Jumapili tunaondoa matanga. Nataka nimpigie wimbo wake."

Nilibadilisha kapasita zilizokauka, nikasafisha soketi za valvu, nikaweka bayasi sawasawa na karatasi za kiwanda, bila kuzidi hata nukta. Kazi hiyo niliifanya Jumatano na Alhamisi, mchana. Ijumaa Shefu alikuja kuichukua, akaiona sura yangu.

"Mama fundi, kama bado, useme tu. Tutasogeza siku. Marehemu hana haraka."

"Mita haidanganyi, Shefu," nikamjibu.

Jumapili nilialikwa. Saa nne asubuhi, watu wamejaa uani, akaanza. Kitenge alikuwa amekikunja na kukilaza juu ya amplifaya, ili mke wake, alisema, awe karibu. Mgongo ulikuwa wazi; nililiangalia hilo mwenyewe. Katika wimbo wa tatu nilisikia harufu ya vanishi inayoungua. Nilipofika, valvu mbili zilikuwa nyekundu tupu na transfoma inatoa moshi. Nilichomoa waya. Shefu aliendelea kupiga nyuzi kidogo, bila sauti, kabla hajaelewa.

Kisha akakitazama kitenge. "Ni mimi," akasema. "Nimeifunika. Nimeiua mwenyewe."

Watu wote wakanigeukia, mimi fundi.

"Ndiyo, Shefu," nikasema. "Joto limekosa pa kutokea."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kibandani peke yangu na kupima soketi. Volti mia mbili arobaini na mbili. Jumatano, wachomeleaji wakiwa kazini, soketi hiyohiyo ilisoma mia moja tisini na sita. Mimi nilikuwa nimeweka bayasi kwa umeme uliochoka. Jumapili mashine zote zimelala, umeme unapanda, na valvu zangu zikala kupita kiasi.

Nilikwenda Ujiji kumuuliza Fundi Mkuu kwa nini hakuniambia.

"Kila Jumapili ulikuwa unaniona nimechomeka mita ukutani," alisema. "Ulidhani naiombea?"

"Mbona hukunieleza, Mzee?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unajua sana."

Niliendelea na kazi miezi minane zaidi, ila sikuwa fundi tena. Nilirudisha vyombo vya watu bila kuvigusa. Nilivyovitengeneza nilishindwa kuvitoa, nikivipima Jumapili baada ya Jumapili, mpaka wenyewe wakaja kuvichukua kwa ugomvi. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Mkitaka, chekeni. Siku hizi namsaidia dada yangu kuuza dagaa, na hakuna anayeniuliza kama kitu kimepoa. Anayeanza leo namwachia haya tu: pima umeme wa siku ambayo chombo kitatumika, na usimwache mteja abebe kosa lako.

La pili nilichelewa kulitimiza. Wiki iliyopita ndipo nilipokwenda Kibirizi. Shefu alikuwa amekaa ufukweni kando ya injini ya boti ya mwanawe, akiifungua plagi. Nilimwamkia, nikaketi mchangani, nikamweleza yote: wachomeleaji, volti, bayasi, na kwamba kitenge hakikuwa na kosa lolote. Alinisikiliza akipangusa mikono, polepole, kidole kwa kidole.

Ndipo nikakiona alichokuwa akipangusia. Ndege wa njano, nusu yake tu. Kifungo kimoja kilikuwa bado kinaning'inia.

"Nilikikata," alisema. "Nilikuwa nimekikasirikia."

Akaacha kupangusa. Akakitandaza juu ya goti na kuanza kukinyoosha kwa viganja, na kwa kuwa vilikuwa vimejaa oili, kila alipokinyoosha alikichafua zaidi.