Sauti ya Marehemu Shimoni

Mwanangu, hadithi hii inaniaibisha, nakwambia mapema usije ukadhani nimejisahau. Humu ndani mjinga ni mimi, tena mjinga mwenye mdomo, ambaye ni mbaya kuliko mjinga wa kawaida, maana wa kawaida walau hunyamaza. Lakini nimesikia huko kazini kwenu mmenuniana na mwenzako. Ulimfanyia mzaha mbele za watu, akakasirika, na wewe unapita unasema, "Si nilikuwa natania tu." Hilo "natania tu" ndilo lililonifanya nikuite. Vuta kiti.

Wakati huo nchi ilikuwa ya Mwingereza, na mimi kijana wa Lusu, kule Nzega. Darasa la nne nilimaliza kwa shida. Akili nilikuwa nazo, ila mwalimu alikuwa ananitoa nje kila nikimwigiza anavyopenga kamasi. Kuigiza watu ndiyo ilikuwa kazi niliyozaliwa nayo. Nikikutazama asubuhi, jioni natembea wewe, nakohoa wewe, namgombeza mkeo kama wewe. Niliwahi kuwika nyuma ya nyumba ya jirani mpaka jogoo wake akatoka kuja kupigana.

Nikapata kazi ya kupasua mbao msituni, kusini ya Tabora, upande wa Sikonge. Mashine hatukuwa nazo. Mnachimba shimo linalopita kimo cha mtu, mnalilaza gogo la mninga juu yake, mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na katikati yenu kuna msumeno mrefu. Wa juu anavuta, wa chini anavuta. Wa chini haoni kitu, vumbi la mbao linamjaa machoni na puani, jioni akila ugali anatafuna mninga. Kwa hiyo wa juu ndiye macho yake. Akisema "vuta," unavuta. Akisema "toka," unatoka, huulizi, maana gogo linateleza. Nguvu tulikuwa nazo wote. Kilichokuwa kinawatofautisha watu ni kusikilizana.

Kambini kwetu walikuwepo ndugu wawili, Wagogo, Chiwanga na mdogo wake Ndahani. Chiwanga ndiye aliyekuwa anaingia shimoni, Ndahani juu. Mke wa Chiwanga, Damari, alikuwa ndiye mpishi wetu sote. Sasa wewe unajua, au kama hujui basi jua leo, kwamba Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Babu zetu walipita Ugogo na mizigo ya pembe vichwani kwenda pwani, maji wakatozwa, wakagombana, wakachoka kugombana, wakaanza kutukanana kwa kucheka. Ikawa hivyo. Kwa hiyo mimi na wale ndugu tulikuwa hatuamkiani bila kutukanana. Chiwanga akiniona tu, "We mchukuzi, mzigo wako umeuacha wapi?" Namwambia, "Nimeuacha kwenu, kaka zako wameuiba." Damari anacheka huko jikoni mpaka anashika mbavu.

Chiwanga akaugua kifua. Alikohoa masika yote, kikohozi kikavu kinachomalizikia juu, kama mtu anayeuliza swali. Akafa.

Msibani mtani ana kazi yake, mwanangu, na nikwambie ukweli, siku ile niliifanya vizuri. Niliziba njia ya kaburi, nikalala chini, nikasema maiti haipiti mpaka nipewe tumbaku. Nikamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakohoa, alivyokuwa anamwita mdogo wake kutoka shimoni: "Vuta, mwana wa mama!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Ndahani alicheka. Damari, ambaye alikuwa hajala wala hajasema neno, aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika, kisha akaomba uji. Wazee wakanishika mkono mmoja mmoja. Mzee Mihayo, nyapara wetu, Mnyamwezi mwenzangu, akaniambia, "Umefanya kazi, kijana."

Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Nadhani ningetukanwa siku ile ningepona.

Tukaanua matanga, watu wakarudi kazini. Ndahani hakuwa na mtu wa shimoni, nikapewa mimi nafasi ya kaka yake. Nami nikaendelea na msiba peke yangu. Asubuhi nikiingia shimoni nakohoa kile kikohozi. Wapasuaji wengine wanacheka. Kesho yake tena. Ndahani mwanzoni alitabasamu, halafu akawa hatabasamu, halafu akawa anatazama miti. Nilimwona. Usidhani sikumwona. Nilijiambia atazoea.

Siku moja asubuhi, jua bado halijawa kali, wenzangu wa shimo la pili wakaniambia, "Maganga, leo umepoa, vipi?" Basi nikataka kuwapa kitu. Nikasimama chini kule, nikajaza kifua, nikaita kwa sauti ya marehemu, si nusu, sauti kamili: "Damari! Damari we! Niletee maji!"

Msumeno ukasimama. Nikasikia miguu inakimbia. Mtu anatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. Akafika ukingoni, akainama, akatazama ndani ya shimo.

Akaniona mimi.

Mwanangu, sijui nikuelezeje ule uso. Sitauigiza. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu nyuma yangu, kisha akageuka akarudi taratibu. Ugali uliungua siku ile na hakuna aliyeuliza. Ndahani pale juu alishika mpini wa msumeno akasema neno moja tu, "Tuendelee."

Jioni Mzee Mihayo alimwita Ndahani mbele yangu. "Sema, mwanangu. Amekukosea?"

Ndahani akajibu, "Yule ni mtani wangu. Sina la kusema."

Nami, mjinga wako huyu, nikadakia, "Si mnamsikia mwenyewe? Mtani hakasiriki."

Mzee Mihayo alimwacha Ndahani aondoke. Kisha akanishika sikio, mimi mtu mzima na ndevu zangu tatu, akanivuta mpaka nyuma ya mbao.

"Hajakwambia hajakasirika," akasema. "Amekwambia umemfunga mdomo. Ungekuwa mtu baki angekupiga, mkaishia hapo. Matanga tumeanua wote, wewe nani alikuachia msiba uubebe mpaka kazini?"

"Mzee, mimi nilikuwa..."

"Nyamaza. Ndiyo dawa yenyewe hiyo, anza kuizoea. Sasa hivi nenda kwa yule mama. Sema ulichokifanya, kisha ondoka. Usimchekeshe. Usimwambie akusamehe, hana deni na wewe. Ukitoka hapo nenda kwa Ndahani, ufanye vilevile."

Ungekuwa wewe ungefanya hivyo. Mimi nikaona aibu. Kusema neno moja kwa moja, bila kulipamba, kwangu ilikuwa kama kutembea uchi sokoni. Kwa hiyo nikaenda, lakini nilikwenda kwa njia yangu. Nikajipaka majivu kichwani, nikapiga magoti nikiwa mbali, nikatambaa mpaka jikoni mbele ya watu wote, nikamwamkia kwa Kigogo changu kibovu, "Mbukwenyi, mama! Mchukuzi amekuja kuchapwa!" Watu wakaangua kicheko.

Damari hakucheka wala hakukasirika. Aliacha kukoroga, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na huyu unayemwigiza sasa hivi ni nani?"

Nilisimama, nikajipangusa magoti, nikaondoka. Na badala ya kuona haya, nikanuna! Nikasema moyoni, nimeomba radhi, wamekataa, basi, wao ndio wabaya. Kwa Ndahani sikwenda kabisa. Usishangae, hivyo ndivyo mkosaji anavyogeuka mdai.

Tukaendelea kufanya kazi bila kusema. Unaweza kudhani kunyamaziana ni jambo dogo. Nilikuwa nikimwamkia Ndahani "mwangaluka," anapanda juu ya gogo. Damari akinipakulia, chakula ni kilekile cha wenzangu, nyama ileile, ila sahani anaiweka chini badala ya kunipa mkononi. Shimoni sikuwa nasikia tena "vuta" wala "legeza." Nilikuwa nakisia kwa mkono, kwa jinsi msumeno unavyokuja. Kila siku nikitoka mzima nilijisifu kwamba naweza kufanya kazi na mtu aliyenuna. Mzee Mihayo alituona, akasema atatutenganisha gogo lile likiisha.

Gogo halikuisha. Kulikuwa kumenyesha, miti ya kulishikilia imelegea. Nilikuwa chini, macho yamejaa vumbi, nikahisi msumeno umekuwa mwepesi ghafla. Juu kimya. Nikasubiri. Kimya. Halafu ndiyo nikasikia, "Toka! Maganga, toka!" Nilijirusha pembeni. Mwili ulitoka, mkono wa kushoto ukachelewa. Ndiyo maana hivi vidole viwili huvioni, na ulipokuwa mdogo nilikuwa nakwambia vililiwa na mamba. Hapakuwa na mamba, mwanangu. Mto wenyewe haupo.

Waliponitoa, Ndahani alijitokeza mbele. Hakusubiri aulizwe. Alimwambia Mzee Mihayo mbele ya watu wote, "Niliona linateleza. Nikanyamaza kwanza. Kidogo tu, lakini nilinyamaza. Sijijui mimi ni mtu gani tena. Nitoeni kazini."

Na mimi, ambaye nilikuwa na jibu la kila kitu, nilikuwa nimeuma kanga ya mtu kwa maumivu, sikuweza kusema. Lakini nililijua. Nilijua ile sekunde aliyonyamaza nani aliitengeneza. Mtu mwema kama yule, ambaye hajawahi kumpiga hata mbwa, nilimpeleka mahali akajikuta anatazama gogo likimwangukia mwenzake huku ulimi wake haunyanyuki. Vidole nilipoteza mimi. Alichopoteza yeye ni kikubwa zaidi, na sikuwa na namna ya kumrudishia.

Nikapakiwa kwenye lori la mbao mpaka hospitali mjini Tabora. Ndahani akaacha kazi kweli.

Basi sikia ninachotaka kukwambia. Ukimkosea mwenzako kazini, nenda upesi, jambo likiwa bado dogo, likiwa bado linatosha kwenye mdomo mmoja. Ukichelewa linakaa katikati yenu na kufanya kazi pamoja nanyi, linakula pamoja nanyi, halafu siku moja linaamua lenyewe. Na ukienda, nenda peke yako, bila watazamaji. Taja kitu ulichofanya kwa jina lake. Usiseme "kama nimekukosea." Hakuna "kama" hapo, unajua ulichofanya. Usimtake acheke ili wewe upumue. Akikaa kimya, huo ukimya ni wake, mwachie, wewe fanya kazi yako sawasawa na umpe salamu yake kila siku hata asipoitika. Usinune. Aliyeumizwa akinuna ana haki, wewe ukinuna ni mwizi anayelalamika mlango ulikuwa mgumu.

Na asikudanganye mtu kwamba mwenzako akinyamaza amekubali. Wengine wamefungwa mdomo na mila, wengine na njaa ya watoto wao, wengine wanaogopa bwana mkubwa. Utani ni mzuri, mimi bado ni mtani wa Wagogo mpaka nife, na siku nikifa waje wanizibie kaburi. Lakini mzaha una mahali pake na una siku yake ya kumalizika, na anayejua umemalizika ni yule unayemtania. Wewe mtaniaji hujui. Mtazame usoni.

Mungu akupe ulimi unaojua kurudi nyumbani mapema. Akupe wenzako wa kazi wanaokusemesha, na siku ukikosea akupe miguu myepesi ya kwenda. Nenda kesho asubuhi, kabla hamjashika kazi.

Bado neno moja, nalo si langu. Nilipokuwa hospitali, Damari alikuja. Yeye na Ndahani walikuwa wanasubiri gari moshi la kurudi kwao, Ndahani amebaki stesheni na mizigo. Alisimama karibu na kitanda, ameshika uji kwenye kikopo. Nilisema yale niliyoambiwa na Mzee Mihayo, moja kwa moja, kwa sauti yangu mwenyewe, "Shemeji, niliita kwa sauti ya mumeo, nikakufanya ukimbie. Nimefanya vibaya." Nikanyamaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kunyamaza kwa hiari.

Akaniwekea kile kikopo kwenye mkono mzima, akahakikisha nimekishika.

"Pole na mkono," akasema. "Uji unywe ungali moto. Mimi nikikusamehe nitakutumia salamu, usingoje. Kushtuka si kitu, ningekwisha kusahau. Ila siku ile, Maganga, kutoka jikoni mpaka shimoni nilikuwa na mume."