Chagua Wewe Kwanza

Miaka ile kila mfanyakazi alipohimizwa kulima, balozi wetu wa nyumba kumi alitupa mimi na jirani yangu kipande kimoja cha bonde huku Tabata, tulime mchicha. Mimi nilikuwa karani, Mkristo wa bara. Yeye mchonga vinyago, Mwislamu wa kusini, mdogo kwangu kwa miaka michache. Sisi tulielewana. Waliogombana ni wake zetu, kisa shimo la maji.

"Mwenzangu, shimo hili umelizaa wewe?" mkewe aliuliza siku moja, mikono kiunoni.

"Ningelizaa, ningekunyima hata kulichungulia," akajibu wangu.

Nikakumbuka wachungaji wa Ibrahimu na wa Lutu walivyogombea malisho, na Ibrahimu, ingawa ndiye mkubwa, akamwachia Lutu achague upande anaoutaka. Shuleni tulifundishwa kisa kile kama somo la ukarimu. Mimi nilikisoma kama mtu anayecheza bao: nikitangulia hivi, mwenzangu atajibu vipi?

Jirani aliniamkia shikamoo kila asubuhi. Mtu wa namna hiyo hachagui mbele ya mkubwa wake. Nikimpa nafasi ya kwanza atanirudishia, nami nitapata shimo pamoja na sifa.

"Tugawane," nilimwambia. "Chagua wewe kwanza."

"Aa, kaka! Nichague mie na wewe upo?"

"Chagua tu, bwana."

"Siwezi. Wewe ndiye mkubwa."

Nikachukua upande wa chini, wenye maji. Kiangazi kilipokuja, mchicha wake ulikauka tuta baada ya tuta, akaniomba awe anachota kwangu. Nilimruhusu, nikajiona mwema.

Siku hizi wasomi wana hesabu za mambo haya, wanaziita nadharia ya michezo, na wapo wanaozitumia kupima hata visa vya manabii. Nimezisoma kidogo. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ila Ibrahimu alikuwa tayari kubaki na upande mbaya. Lutu alichukua bonde lenye maji, naye Ibrahimu akaliacha liende. Jirani yangu angenyoosha kidole upande wa chini, mimi ningetafuta sababu ya kumpinga.

Siku chache kabla hajaacha kulima, aliweka ndoo chini akaniuliza taratibu, "Kaka, siku ile ulijua kwamba nitakurudishia?"

"Sikujua," nilisema.

Uso wake ukafunguka.

"Nilimwambia mke wangu. Nilimwambia, kaka hana mambo hayo."

Akanishukuru kwa maji, akapanda na ndoo yake kuelekea kwenye matuta.